Nilipanda Baiskeli Juu ya Paa la Mtu

Katesh, Jumapili jioni, Novemba. Mawingu yamekaa kwenye kilele cha Hanang tangu saa nane na hayana haraka ya kuondoka. Mapaja yanauma, kiganja cha kushoto kimechubuka, tumbo limejaa wali maharage. Hali ya moyo sijui. Naandika ili nijue.

Wanaonisoma hapa wanaujua mpango wangu. Kutoka Mbulu mjini hadi Katesh kwa siku moja, njia za vumbi na changarawe tupu, bila kugusa lami. Nimeshajaribu mara mbili. Mara ya kwanza tyubu zilinishinda, mara ya pili tumbo. Hii ilikuwa ya tatu, na kwa ujinga wangu nilikuwa nimewatangazia watu wote ofisini.

Nimefika. Siku mbili badala ya moja, na ringi ya mbele imepinda. Sababu ni kwamba jana asubuhi, karibu na Tlawi, nilipanda baiskeli juu ya paa la nyumba ya mtu nikalitoboa.

Ndiyo, paa.

Kwa wageni wa blogu hii, baiskeli yenyewe iko hivi. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, matairi ni manene kiasi na yana meno madogo madogo, gia ni nyingi kuliko ninazotumia. Niliinunua mtumba Arusha. Mbulu wanaiita baiskeli ya Theresia, ndiye mimi, isiyobeba kitu, kwa sababu kwetu baiskeli ni ya kubeba: gunia la mahindi, madumu ya maji, mkaa, wakati mwingine mgonjwa. Mtu akiniona napandisha mlima huku nahema, na nyuma hakuna hata kikapu, ananiuliza naenda wapi. Nikimjibu kwamba nazunguka tu, ananipa pole.

Siku za kazi nakagua majengo ya shule. Naingia darasani, nagonga kuta, naangalia kenchi za paa, najaza fomu. Nimeifanya kazi hiyo miaka tisa. Naitaja kwa sababu inaniongezea aibu.

Jana niliondoka Mbulu saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliwasikia ng'ombe kabla ya kuwaona, na maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye ukingo wa kofia yangu bila mvua kunyesha. Baridi ya Mbulu haina adabu, inaingia hadi kwenye glovu. Kabla ya Tlawi niliacha barabara kubwa, maana ramani ya simu ilionyesha kamstari kembamba kanakozunguka kilima, na mimi kwa njia za mkato sijambo.

Ilikuwa njia ya mbuzi, laini, imenyooka vizuri, ikifuata ubavu wa kilima bila kupanda wala kushuka. Kwenye nchi yetu ya milima njia ya namna hiyo huipati mara mbili kwa siku. Nilibadili gia, nikaongeza kasi. Nakumbuka nilisema kwa sauti, peke yangu kwenye ukungu, kwamba njia nzuri kuliko zote ni zile ambazo hakuna mtu aliyezitengeneza.

Mbele yangu moshi ulikuwa unatoka kwenye majani. Nilidhani ni ukungu.

Kisha gurudumu la mbele likazama hadi kwenye foki, ule uma unaolishika, na mimi nikaruka juu ya usukani.

Niliangukia mkono. Nilipoinua kichwa niliona kwamba hatua moja mbele yangu majani yalikuwa yanaishia hewani. Chini, kimo cha mtu hivi, palikuwa na uwanja uliofagiliwa, na jogoo alikuwa amesimama katikati ananitazama. Hapo ndipo nilipoelewa nimelala juu ya nini.

Ni tembe la kuchimbia. Wairaqw wa zamani walikuwa wanachimba nyumba ndani ya mteremko, ukuta wa nyuma ukawa kilima chenyewe. Paa ni bapa, limepangwa miti, juu yake udongo, na upande wa juu linaungana kabisa na ardhi. Majani yanaota, mbuzi wanapita. Walijenga hivyo ili maadui waliokuja kuchukua ng'ombe wapite bila kuiona nyumba. Siku hizi zimebaki chache sana. Babu yangu alizaliwa kwenye nyumba kama hiyo na baba amenisimulia mara nyingi, kila mara na ishara za mikono. Mimi, Mwiraqw wa Mbulu, tena mkaguzi wa majengo, nimepita juu ya moja na sikuiona. Waliojenga walijua kazi yao.

Sasa niseme la aibu zaidi. Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kusimama ni kuangalia kama kuna mtu ameniona. Hakukuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umeziba kila kitu. Niliwaza, nikichomoa gurudumu taratibu na kuondoka, hakuna atakayejua ni nani. Nilikuwa nimeshaishika foki kwa mikono miwili, miguu nimeitanua, tayari kuvuta.

Sauti ya mwanamke mzee ikatoka chini ya miguu yangu, ikauliza nani huyo juu.

Nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," tundu likanijibu. "Hili gurudumu ni la kwako?"

Nikakubali kwamba ni la kwangu.

Baadaye nilipoingia ndani niliona alichokuwa anakiona yeye. Bibi alikuwa anakoroga uji. Udongo ulidondoka, halafu boriti ikakatika, halafu gurudumu likachungulia juu ya mafiga na kuendelea kuzunguka. Aliniambia alingoja lisimame kwanza ndipo aulize.

Watu wanamwita Mama Damiano, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi nilimwita bibi. Hakunifokea. Alianza na mkono wangu, akauosha kwa maji ya uvuguvugu. Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, baba yangu ni wa wapi, mama ametoka ukoo gani, na hakuacha mpaka akampata mtu tunayemfahamu wote wawili, binamu wa mama yangu aliyeolewa Dongobesh. Hapo ndipo tulipotoka nje kuliangalia paa, yeye na mimi, kama watu wanaofahamiana.

Na hapo ndipo nilipojua nimetoboa nini hasa.

Damiano anaishi Katesh, ni fundi wa trekta. Ameshanunua bati. Mwezi ujao anakuja na mafundi kulibomoa tembe na kumjengea mama yake nyumba ya matofali huko juu karibu na barabara. Tangu tope liliposhuka kutoka mlimani Katesh na kuondoka na watu, Damiano mvua ikinyesha halali. Anampigia jirani simu kila wingu linapotanda, kuuliza kama kilima kipo. Bibi hataki kuhama. Amezalia watoto saba mle ndani, na mume wake aliichimba ile nyumba kwa jembe la mkono akiwa kijana. Kila Damiano anapomwambia nyumba imezeeka, imeoza, itamwangukia, yeye anamjibu amwonyeshe mahali palipooza. Mpaka jana hapakuwa na cha kuonyesha.

Alilitazama tundu langu kwa muda. "Sasa umempatia," akasema.

Nilitamani anifokee tu.

Paa la udongo huwezi kuliacha wazi Novemba, mvua inakuja wakati wowote. Bibi aliita majirani: mzee mmoja mwenye panga na shoka, na wanawake wawili wenye makapu. Hakuna aliyeniuliza kama nitabaki au nitaendelea na safari yangu. Mzee alikata mti mpya, tukaupitisha, tukapanga fito, tukaweka majani, tukamwaga udongo uliochanganywa na samadi. Mwisho ni kukanyaga mpaka ugande. Wanawake walishuka wakaniachia kazi hiyo peke yangu. Bibi alikaa kwenye kigoda uwanjani, akanielekeza niende kushoto, nirudi kulia, nisiruke pembe. Alisema nililikanyaga vibaya, basi nilikanyage vizuri. Wote walicheka, na mimi pia.

Lakini kabla hatujafunika, nilifanya kile ninacholipwa kukifanya. Nilitoa bisibisi yangu ya baiskeli nikaichoma boriti iliyovunjika. Iliingia mpaka mpini. Ilikuwa mlingoti, yaani mkaratusi, umeliwa na mchwa ndani mpaka ukabaki ganda. Nikachoma ya pili yake, na ya tatu, nikaingia ndani nikazichoma zote ninazozifikia. Miti ya zamani, mizeituni pori, myeusi kwa moshi wa miaka hamsini. Bisibisi iliteleza. Nilijaribu kwa kupiga na jiwe, ikaacha alama ndogo tu. Nimekagua madarasa ya juzi juzi yenye kenchi dhaifu kuliko zile.

Fomu tunazojaza kazini, tukifika kwenye sehemu ya makazi ya jirani na shule, tembe la aina yoyote linaingia kwenye safu ya nyumba duni. Nimeweka tiki kwenye safu hiyo mara nyingi sana, nyingine nikiwa nimesimama mlangoni tu.

Bibi alikuwa ananiangalia nikichoma choma. Akauliza kama mimi ni fundi. Nikamweleza kazi yangu. Akauliza ninakokwenda, nikasema Katesh. Nadhani kila kitu kilipangika kichwani mwake wakati ule ule. Aliniambia mlingoti ule aliuweka Damiano mwenyewe, mwaka aliooa, alikuwa na haraka. Akasema habari ya kubomoa nyumba ya mtu haipelekwi kwa simu, aliyetoboa aende mwenyewe.

"Ukifika mwambie ulichokiona," alisema. "Ila usimwambie mti ulikuwa wa nani."

Nilikubali. Kisha nikapanda juu ya paa kuchukua baiskeli, na huko ndiko nilikokiona kingine.

Ukungu ulikuwa umeondoka. Kwa mara ya kwanza niliiona vizuri ile njia laini niliyokuja nayo. Ilikuwa inazunguka kilima juu ya nyumba, inafika karibu na paa, pale nilipoiacha bila kujua kwenye ukungu, halafu kwa upande wa pili inashuka kuelekea korongoni. Njia ya mbuzi haiendi hivyo. Mbuzi wanakata kona. Nilichimbua kidogo kwa kisigino cha kiatu, nikakuta mawe yamepangwa pande zote mbili. Ulikuwa mfereji. Bila shaka mume wa bibi ndiye aliyeuchimba ili maji ya kilima yasishuke nyuma ya nyumba. Umejaa udongo mpaka juu, mbuzi wakautengeneza kuwa barabara, na mimi nikaupita nikiusifu kwamba hakuna mtu aliyeutengeneza.

Boriti moja mbovu unabadilisha kwa asubuhi moja. Mfereji uliojaa, juu ya nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ni kilima, ni jambo jingine kabisa.

Nilishuka. Bibi alikuwa ananifungia viazi vya kuchemsha kwenye mfuko. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha, kwa sababu mtu wa serikali ameigonga miti yake na ameikuta mizima. Nilipaswa kumwambia pale pale. Nilikuwa nimeshatoboa paa lake, sikuweza kuitoboa na furaha yake. Nikapokea viazi, nikaaga, nikaondoka.

Saa saba mchana. Ringi ilikuwa inayumba kushoto kulia, nikiiangalia nilipata kizunguzungu, basi nikawa siiangalii.

Kutoka Tlawi hadi Dongobesh na kuendelea Maretadu ni kupanda na kushuka mpaka unasahau kipi ulianza nacho. Kwa kawaida sehemu hii naipenda. Ukishuka unaachia breki, changarawe inalia chini ya matairi, mashamba yanapita, watoto wanapiga kelele, na ukifika chini unakuwa umeshapata kasi ya kukupandisha robo ya kilima kinachofuata. Jana nilishuka nimeshika breki. Nilikuwa napanga maneno.

Nikimwambia Damiano habari ya miti peke yake, nitakuwa nimesema ukweli, na bibi atabaki na nyumba yake, na mfereji utabaki umejaa mpaka masika. Nikimwambia na habari ya mfereji, nitakuwa nimemkabidhi nyundo mkononi. Niliwaza pia, na hili naliandika kwa sababu hapa ni mahali pa kuliandika, kwamba naweza kupita Katesh bila kumtafuta kabisa. Mara mbili ndani ya siku moja nilitaka kukimbia. Nilikuwa najiona mtu jasiri kwa sababu napanda milima kwa baiskeli.

Saa kumi mvua ilinikuta kabla ya Maretadu. Mvua nzuri, ya wakulima. Njia nzima niliifikiria ile samadi niliyoikanyaga, kama imeshika. Nilijaribu kumpigia yule jirani anayepigiwa na Damiano, maana alinipa namba yake, mtandao haukuwepo. Nililala Maretadu kwa Neema, mwalimu niliyesoma naye, aliyenikaushia soksi jikoni na kunicheka kwa hadithi ya paa mpaka akakaa chini. Nilipomweleza habari ya mfereji hakucheka. Aliuliza tu kama kwenye fomu ya darasa ningeacha kuandika nyufa kwa sababu mwalimu mkuu ni mtu mzuri. Niliomba chai nyingine.

Leo asubuhi niliteremka kuelekea Basotu. Nchi inabadilika. Milima yetu ya kijani inaisha, inaanza ardhi iliyotoka motoni zamani: udongo mweusi, mawe mepesi yenye matundu, vilima vya mviringo vilivyotawanyika. Unapanda kilima kifupi unachodhani ni cha kawaida, ukifika juu unakuta katikati hakina kitu, na chini kabisa kuna ziwa la duara limekaa kwenye shimo, maji yake hayatikisiki. Upande wa pili wa ukingo kuna shimo jingine. Mashamba ya ngano yalikwishavunwa, yalikuwa yamelala wazi hadi unapoishia upeo wa macho, na juu ya yote Hanang, umesimama peke yake. Nimepita huko mara ngapi nikipiga picha. Leo nilikuwa naangalia miteremko tu, na mahali ambapo maji yamepita.

Udongo ule mweusi ukilowa una tabia yake. Unaganda kwenye tairi, unajaa kwenye foki, gurudumu linagoma. Nilibeba baiskeli begani vipande viwili vizima vya njia, nikawa nasimama kuukwangua kwa kijiti. Kwa hiyo kuna wakati baiskeli isiyobeba kitu inabebwa.

Baada ya Basotu nilikutana na kundi kubwa la ng'ombe wanavuka barabara. Kwa Wadatoga huwezi kulipasua kundi la mtu katikati kwa sababu una haraka. Nilishuka nikasimama. Mwenye ng'ombe, mtu mzima mwenye shuka na mkuki, alikuja akasimama karibu nami. Nikampa shikamoo, akaitikia. Aliizunguka baiskeli yote, akaangalia nyuma ambako hakuna kitu.

"Unapeleka nini Katesh?" akauliza.

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na cha kujibu. Nikamwambia napeleka maneno ya mama mmoja kwa mtoto wake. Aliona ni jambo la maana, akapiga mluzi, ng'ombe wakaharakishwa ili nipite.

Nilipita nimeona haya, kwa sababu nilikuwa bado sijaamua nayapeleka maneno yapi.

Saa tisa hivi nikaingia Katesh kwa njia ya nyuma, kwa mbali nimeuacha weupe wa chumvi ya ziwa la Balangida. Mawe yaliyoletwa na tope bado yapo kando ya mkondo, mengine makubwa kuliko trekta. Kuna kitanda cha chuma kimepinda, nusu yake imezikwa, na watu wamekizoea, wameanika nguo juu yake. Nilisimama hapo kidogo. Nadhani niliamua hapo, ingawa sikujua.

Damiano nilimkuta nyumbani ametoka kanisani, bado na shati jeupe. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, mikono yake mikubwa. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikasema nimetoka kwa mama yake Tlawi. Alibadilika uso kabla sijamaliza. Nikawahi kusema mama mzima. Akavuta pumzi, akaliona gurudumu langu, na nadhani ili apate la kufanya na mikono yake, akalifungua, akaligeuza, akaanza kukaza spoki moja moja huku ananisikiliza.

Nikamweleza yote kuhusu paa. Alitabasamu nilipofika kwenye uji. Nikamweleza kuhusu miti, kwamba nimeigonga yote, ni mizima, itamzidi umri yeye na mimi. Nikasema imevunjika moja tu. Sikusema zaidi.

"Ni mlingoti," alisema, macho kwenye spoki. "Niliuweka mimi. Mama hajawahi kunisema."

Alizungusha gurudumu, akalitazama linavyoyumba, akakaza tena.

Kisha akaniuliza lile lililokuwa linamsumbua, na halikuhusu miti. Alisema yeye alikuwepo hapa Katesh asubuhi ile ya tope. Nyumba zilizoondoka hazikuwa zimeoza. Zilikuwa za matofali na bati, nzuri kuliko yake. "Wewe unakagua," akasema. "Niambie kuhusu kilima."

Nikamwambia. Mfereji umejaa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, umekuwa njia, mimi nimeupita kwa baiskeli. Maji ya kilima hayana pa kwenda isipokuwa nyuma ya ukuta wa mama yake. Nikasema pia kwamba sikumwambia bibi, niliogopa.

Aliweka spana chini.

Nilitegemea aseme, "Si nilisema!" au achukue simu awaite mafundi wake kesho. Badala yake akasema baba yake alikuwa anauzibua kila mwaka kabla ya mvua, na yeye ndiye alikuwa anashika kapu la udongo. Tangu baba afariki hakuna aliyegusa. Yeye amekuwa akienda na kurudi, anamletea mama sukari na blanketi, anagombana naye kuhusu bati, na hajawahi kupanda juu ya nyumba kuangalia. Sauti yake ilikuwa chini sana. Nilimhurumia kuliko nilivyojiandaa.

Akauliza kama mfereji ukizibuliwa nitaandika kwenye karatasi kwamba nyumba ni salama. Nikamwambia hapana. Siandiki hivyo kwa nyumba yoyote iliyochimbiwa kilimani, hata ingekuwa ya mama yangu. Naweza kuandika kwamba miti ni mizima na maji yana njia. Na mvua kubwa za Aprili, bibi asilale mle, alale kwa jirani. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Akafikiri. Halafu akampigia yule jirani, akaomba apewe mama. Waliongea Kiiraqw, taratibu, yeye akisikiliza zaidi. Mwisho akanipa simu, mama anataka kuongea na mimi.

Bibi aliuliza kama nimefika salama. Nikasema nimefika. Akauliza kama nimemwambia Damiano. Nikasema nimemwambia.

"Yote?"

"Yote, bibi. Na la mfereji pia. Wewe sikukwambia, nisamehe."

Kwenye simu nilimsikia jogoo, labda yule yule.

"Paa halikuvuja," alisema. "Umelikanyaga vizuri." Halafu akashusha sauti. "Ila jana wakati wa mvua niliyasikia maji nyuma ya ukuta. Mwaka jana pia niliyasikia. Sikumwambia mtu."

Miezi yote hiyo amekuwa akimwambia mtoto wake amwonyeshe mahali palipooza, na huku analala ameugeuzia ule ukuta sikio.

"Mwambie Damiano bati akae nazo kwanza," akasema. "Njooni na majembe."

Nilimrudishia Damiano simu. Alikuwa ameshasikia. Alilimalizia gurudumu, akalizungusha mbele ya macho yangu, likapita katikati ya foki bila kuyumba, akakataa malipo.

Basi ndivyo ilivyo. Safari ya siku moja imenishinda mara ya tatu, na nikirudi ofisini watanicheka. Jumamosi Damiano anapita Mbulu na gari asubuhi, ananichukua. Mzee mwenye panga anakuja, na wale wanawake wawili na makapu yao. Bibi atakaa kwenye kigoda na kutuelekeza. Baada ya hapo sijui kama nyumba itabaki miaka mingapi, na sitajifanya najua.

Baiskeli nitaiacha nyumbani. Ila nimeshaiangalia ramani ya simu, ule mstari mwembamba bado upo, mtu mwingine ataupita. Nimejaribu kuufuta, haufutiki. Pale niliporuhusiwa kuandika jina la njia, nimeandika: mfereji wa Baba Damiano, shuka hapa utembee.